Kikundi cha ukoo: safari ya Mama Zuhura na harusi ya Tanga

Baba Salim (Tanga): Assalaam alaikum, jamaa zangu. Watu wote wamethibitisha kuja kwenye harusi ya Salim mwezi wa Desemba, isipokuwa dada yetu Mama Zuhura, ambaye aliandika kwamba huenda asije. Dada, naomba utueleze kinachokuzuia, maana kama ni nauli, sisi tupo.

Mama Zuhura (Leicester): Waalaikum salaam, kaka. Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Si nauli. Nimekaa siku tatu nikiandika na kufuta, kwa sababu jambo lenyewe ni la chooni, na sisi tumelelewa tusilitaje mbele ya wakubwa. Mnajua kwamba tangu 2016 nina maradhi ya MS, yaani maltipo sklerosisi, na habari ya mguu wangu wa kushoto na mkongojo mnaijua. Msilolijua ni kwamba maradhi hayo yamegusa pia haja kubwa: naweza kukaa siku tano au sita bila kupata choo, kisha kikanijia ghafla nikashindwa kukizuia hata kwa dakika mbili. Harusi ile ya Birmingham, ambayo mlinilaumu kwa kuondoka kabla ya chakula bila kuaga, niliondoka kwa sababu nilichafuka nikiwa nimekaa kitini.

Shangazi (Pangani): Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyelaumu kuliko wote, naomba unisamehe. Lakini nieleze, MS si maradhi ya ubongo na uti wa mgongo? Tumbo linaingiaje? Huku mtu akifunga choo tunampa papai na maji ya ukwaju, na ikishindikana tunamchemshia senamaki, asubuhi yake amefunguka.

Salma (Dar es Salaam): Shikamoo Shangazi. Naomba nijibu kama muuguzi, kwa idhini ya Mama Zuhura. Tumbo lenyewe halina kosa. Katika MS kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, kama waya wa umeme uliochunwa ganda, na ujumbe unaopita humo huchelewa au hupotea. Amri za haja kubwa hutoka ubongoni, hushuka urefu wote wa uti wa mgongo na kutokea karibu na mwisho wake, kwa hiyo kovu lolote la mashambulizi hayo lililo njiani linaweza kuzikatiza. Ndipo utumbo mpana husukuma polepole mno, na kadiri kinyesi kinavyokaa humo ndivyo maji yake yanavyofyonzwa na chenyewe kuwa kigumu. Misuli ya chini ya nyonga, ambayo ingepaswa kulegea mtu anapojisaidia, hukaza. Na hisia ya kwamba choo kimejaa hupungua, hata mtu akashtukia kimeshafika mlangoni. Kufunga choo na kushindwa kukizuia vinatoka mahali pamoja, ndiyo maana mgonjwa mmoja hupatwa na vyote viwili. Tena si yeye peke yake: tafiti mbalimbali zimekuta matatizo haya kwa wagonjwa wa MS kati ya asilimia 39 na 73.

Mjomba (Muscat): Pole sana, binti yangu. Sasa kwa siku ile ya harusi, kwa nini usimeze zile dawa za kuzuia kuharisha tangu asubuhi, ukae kwa amani?

Mama Zuhura (Leicester): Mjomba, kosa hilo limeshanitesa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natokwa na choo cha majimaji, na daktari mmoja akaniandikia dawa za kuzuia kuharisha bila kunigusa tumbo. Baadaye muuguzi wa masuala ya haja ndiye aliyenipima na kukuta kinyesi kigumu kimekwama, na yale majimaji yalikuwa yanapenya pembeni mwake tu. Kila kidonge nilichomeza kilikuwa kinazidi kukaza kizibo. Nililia siku ile, si kwa maumivu, bali kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza moja kwa moja choo changu kikoje.

Salma (Dar es Salaam): Na je, aliziangalia dawa zako nyingine? Vidonge vya kutuliza kibofu kama oksibutinini, amitriptilini ya maumivu ya mishipa ya fahamu, kodeini, na hata vidonge vya madini ya chuma, vyote hufunga choo.

Mama Zuhura (Leicester): Nilikuwa natumia vitatu kati ya hivyo. Isitoshe, nilikuwa najinyima maji kwa kuogopa mkojo, nikijidhuru mwenyewe. Sasa nakunywa lita moja na nusu au zaidi kidogo kwa siku. Pumba za ngano, ambazo kila mtu alinishauri nile, nimezipunguza, kwa kuwa utumbo uliolala ukijazwa pumba huvimba tu. Kila asubuhi nakunywa chai ya moto na kula, kisha baada ya nusu saa nakwenda chooni hata kama sisikii haja, kwa sababu chakula kikiingia tumboni huuamsha utumbo mpana. Naweka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu kuliko nyonga, nainama mbele, wala sijikamui. Usiku nakunywa unga wa makrogoli, dawa ya kulainisha choo, uliokorogwa kwenye maji. Na kila baada ya siku moja naosha utumbo kwa mrija maalumu wa mpira na maji ya vuguvugu. Nilifundishwa na yule muuguzi. Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha sokoni na msikitini.

Shangazi (Pangani): Kumbe senamaki yangu haifai?

Salma (Dar es Salaam): Inafaa, Shangazi, vidonge vya sena vya hospitali vinatokana na mmea huohuo. Shida ni saa yake, maana hufanya kazi baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili tangu kumezwa, na ukimpa asubuhi ya harusi itamkuta katikati ya nikahi. Kipimo cha kuchemsha nyumbani pia hakijulikani.

Shangazi (Pangani): Basi nitamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi, kama nilivyomkanda alipokuwa mtoto.

Salma (Dar es Salaam): Mkande taratibu, ukifuata njia ya utumbo: kutoka chini kulia, upande juu, uvuke tumbo, ushuke kushoto. Nisikudanganye lakini: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018, wenye wagonjwa wa MS karibu 190, haukuonyesha tofauti ya uhakika katika ukali wa tatizo kati ya waliokandwa na waliopewa ushauri peke yake. Yaliyosalia yaendelee vilevile. Na Mama Zuhura, ukiona damu, ukipungua uzito bila sababu, au tumbo likivimba huku unatapika, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usiisingizie MS.

Baba Salim (Tanga): Dada, nimesoma yote na nimeona haya kwa niaba yetu sote. Hapa nyumbani choo ni cha kuchuchumaa. Je, kitakufaa?

Mama Zuhura (Leicester): Kuchuchumaa ndiyo hali inayoufaa utumbo kuliko zote, kaka, lakini mguu wangu hukakamaa nikashindwa kuinuka. Huku Uingereza walemavu tuna ufunguo mmoja unaofungua vyoo vyetu katika miji mingi, na kwa ajili yake natoka nyumbani bila hofu. Huko nitahitaji choo cha kukaa, kishikizo ukutani upande wa kulia, mlango unaofungwa, na maji safi ya kunywa kwa ajili ya kuosha utumbo. Ukumbini niketi karibu na mlango na feni, kwa kuwa joto la mwili likipanda mishipa yangu ya fahamu hulegea zaidi hadi nipoe.

Baba Salim (Tanga): Fundi atakuja Jumamosi. Chumba cha marehemu Mama kina choo chake ndani, hicho ndicho tutakachokibadilisha.

Shangazi (Pangani): Na kiti cha mlangoni kiwe viwili. Akinyanyuka yeye, nanyanyuka mimi, na atakayeuliza tunakwenda wapi nitamjibu mimi.

Mama Zuhura (Leicester): Ahsante, Shangazi. Kaka, mwambie fundi kishikizo akifunge kwenye tofali, si kwenye ubao, maana nitakiegemea kwa uzito wangu wote. Tiketi naikata leo usiku.