Naombeni ushauri, nataka kuongea na mzee wangu kwa kina

Habari zenu wakuu. Mzee wangu ana miaka 71, yuko Muheza, mi niko Dar, naenda kila baada ya miezi miwili ila maongezi yetu hayavuki salamu, mvua na bei ya mchele. Natamani sana anisimulie maisha yake. Nimejaribu kuzima tivii baada ya kula, akaaga akaenda kulala, nikamuuliza kuhusu marehemu mama akaanza kukunjakunja ncha ya kikoi, akabadilisha mada. Juzi tunamenya machungwa barazani akafunguka mwenyewe kama dakika kumi hivi, mi nikaharibu kwa maswali mfululizo. Sasa wakuu, nianzie wapi bila kumbana? Na akinyamaza katikati, nisubiri tu au niseme kitu?