Kikundi cha Familia: Baba Neema anahamia Iowa na watoto

Jumamosi jioni

Mama Neema: Shikamoo Mama, shikamoo Wifi, na wengine wote habari za jioni. Baba Neema amepokea barua ya kazi kutoka Des Moines, Iowa, na anatakiwa kuripoti tarehe 6 Julai, ilhali mkataba wetu wa pango hapa Fort Worth, Texas, unakwisha tarehe 31 Julai. Yeye angependa tuondoke wote tarehe 3, vitu kwenye lori la kukodi na sisi kwenye gari letu. Mimi nina watoto watatu: Neema mwenye pumu, Elia ambaye hajaanza shule, na mdogo wa miezi kumi na tisa. Kwa kweli sijui nianzie wapi. Wifi, wewe ulishahama jimbo ukiwa na watoto wadogo, naomba unieleze bila kunificha kitu.

Mama Furaha: Marahaba, wifi yangu. Sitakuficha, kwa maana mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia. Tulipotoka Arizona kuja huku Iowa nilidhani bima ya watoto ni ya Marekani nzima, kwa kuwa jina la Medicaid, ile bima ya afya ya serikali, ni lile lile kila mahali. Usiku wa sita baada ya kufika, Furaha aliamka analia ameshika sikio, na asubuhi daktari akamwandikia dawa. Pale duka la dawa, yule dada alipitisha kadi yangu mara mbili, akaigeuza akaisoma nyuma, kisha akanirudishia na kuniambia kwamba ni kadi ya Arizona na hapa haina kazi. Nililipa kwa fedha niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya pango, mtoto amelala begani kwangu na watu wamepanga mstari nyuma yetu. Tangu siku ile nikajua kwamba kila jimbo lina Medicaid yake, na kwamba ukivuka mpaka unaanza kuomba upya kabisa.

Mama Neema: Mungu wangu! Na Neema hutumia inhela yake kila siku, asubuhi na jioni.

Mama Furaha: Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu. Ukishapeleka maombi hapa Iowa, ofisi ina hadi siku 45 za kutoa jibu. Wengine hujibiwa mapema, lakini wewe panga kana kwamba utasubiri zote. Kwa hiyo, kabla hamjaondoka Texas, mpeleke Neema kwa daktari wake, mwambie wazi kwamba mnahama, na uombe dawa ya kutosha kuvuka muda huo. Omba pia ule mpango wa pumu wa maandishi, unaoonyesha dawa ya kila siku ni ipi na ya dharura ni ipi, kwa sababu muuguzi wa shule ya huku atautaka.

Baba Neema: Dada, haya yote nimeyaelewa, lakini sioni kwa nini yatuzuie kuondoka pamoja. Nikitangulia peke yangu, kwa mwezi mzima tutakuwa na nyumba mbili za kulisha. Zaidi ya hayo, sijawahi kulala mbali na watoto hawa tangu mdogo azaliwe.

Mama Furaha: Mdogo wangu, hutakuwa na nyumba ya pili, utalala kwetu. Fikiria hivi. Huwezi kuwaombea watoto bima ya Iowa wakiwa bado wanaishi Texas, maana sharti ni kuwa mkazi. Wakija nawe tarehe 3 wakati huna mkataba wa nyumba wala barua yoyote yenye anwani yako, watakuwa wameshatoka Texas, na huenda ikawa vigumu zaidi kuonyesha kwamba wameshaingia Iowa. Wakibaki Fort Worth mwezi wa Julai, bado wako chini ya bima yao, wanaweza kwenda kliniki na kwa daktari wa meno, na wewe huku unatafuta nyumba kwa utulivu. Siku watakayofika, mkataba upo mezani na maombi yanakwenda siku hiyo hiyo.

Baba Mdogo: Kaka, Dada amesema kweli. Mimi niko dakika kumi tu kutoka nyumbani kwenu. Nitamsaidia Shemeji kuwapeleka watoto kliniki, na mwisho wa mwezi ukirudi kuwachukua mimi nitaendesha lori.

Baba Neema: Naomba nilifikirie usiku huu.

Mama Neema: Wifi, na shule? Neema anaingia darasa la pili. Elia nilishaambiwa hapa kwamba atasubiri mwaka mzima, kwa sababu anatimiza miaka mitano tarehe 8 Septemba na Texas inataka mtoto awe ameitimiza kufikia tarehe 1.

Mama Furaha: Basi pokea habari njema. Iowa inahesabu hadi tarehe 15 Septemba. Elia wetu anaingia kindagateni, yaani darasa la awali la shule, mwaka huu!

Mama Neema: Wiki moja tu, na mwaka mzima unabadilika! Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia chekechea ya kulipia.

Mama Furaha: Usiitafute tena, ila kaa na mumeo mzungumze kama Elia mwenyewe yuko tayari, kwa sababu atakuwa miongoni mwa wadogo kabisa darasani. Mimi nina maoni yangu, kwamba mtoto anayependa kusimuliwa hadithi kama yeye ataweza, lakini wewe ndiye mama yake. Kwa mtoto wa kindagateni, Iowa inataka cheti cha chanjo, uthibitisho kwamba ameangaliwa meno na macho, na kipimo cha damu cha madini ya risasi. Hicho cha mwisho huenda alishapimwa, kwani watoto wa Medicaid hupaswa kupimwa wakiwa na miezi 12 na tena miezi 24. Omba kliniki wakuchapishie majibu. Chanjo nazo usitegemee kompyuta. Daftari la chanjo la Texas humweka mtoto ikiwa tu mzazi alitia saini kukubali, na wengi wetu hatukumbuki tulitia saini karatasi gani siku ya kujifungua. Chukua nakala mkononi, yenye jina la kliniki, kwa kila mtoto.

Baba Mdogo: Na shule za huko zinafunguliwa lini? Hapa ni katikati ya Agosti.

Mama Furaha: Sheria ya Iowa hairuhusu shule kuanza kabla ya tarehe 23 Agosti. Wakifika mwisho wa Julai watakuwa na wiki tatu za kuzoea nyumba na kuiona shule kwa nje. Tarehe 3 Julai si ya watoto, ni ya kazi ya baba yao.

Mama Neema: Na stempu za chakula, pamoja na WIC ya mdogo, ile ya lishe ya watoto wadogo?

Mama Furaha: Stempu za chakula huwezi kupokea katika majimbo mawili kwa mwezi mmoja, kwa hiyo ijulishe Texas tarehe ya kuhama na uombe barua inayoonyesha kwamba msaada wenu wa huko umefungwa, kisha uje nayo. Kwa WIC, nenda ofisini kwao wakupe karatasi ya kuhamisha, ile inayothibitisha kwamba mtoto alishakubaliwa. Ofisi ya huku itaipokea kwa miezi iliyobaki bila kumpima upya kana kwamba hajulikani. Karatasi hizi zote, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za makazi, zisiingie kwenye lori. Ziwe kwenye mkoba wako mwenyewe, uliopo miguuni pako.

Baba Furaha: Samahani kwa kuchelewa kuingia, nilikuwa barabarani. Shemeji, barabara ya I-35 naijua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kutoka Fort Worth unapita Oklahoma City, Wichita na Kansas City hadi Des Moines, zaidi ya maili 700. Mtu mzima anaweza kuimaliza kwa siku moja, lakini mtoto wa miezi kumi na tisa hawezi, na wala asilazimishwe. Laleni Wichita, ambayo ni karibu nusu ya njia, na simameni kila saa mbili ili mdogo atoke kwenye kiti na kutembea. Nakuomba uangalie jambo moja kuhusu kiti hicho. Sheria ya Oklahoma inataka mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili akae akiangalia nyuma, isipokuwa amezidi kipimo cha kiti chenyewe. Kama mlikuwa mmeshamgeuza, mrudisheni kabla ya safari, na hata baada ya kuvuka Oklahoma msimgeuze, maana ndivyo anavyokuwa salama zaidi.

Baba Neema: Tulishamgeuza mwezi uliopita kwa sababu alikuwa analia. Nitamrudisha kesho.

Baba Furaha: Vyema. Jambo jingine ni barabara ya kulipia ya Kansas. Hakuna tena vibanda vya kulipa fedha taslimu. Kamera hupiga picha namba ya gari, na bili hutumwa kwa posta kwa anwani iliyoandikishwa, ambayo kwenu itakuwa nyumba mliyoihama. Kabla ya kuondoka, jazeni ombi la posta la kuhamishiwa barua, nao watawaletea barua zenu kwa mwaka mzima.

Baba Mdogo: Kuhusu anwani, Kaka, usisahau uhamiaji. Sisi tusio raia tunatakiwa kuwajulisha ndani ya siku 10 baada ya kuhama, kila mmoja wetu, hata watoto wasio raia. Nawe ulikuwa unataka kuomba uraia mwezi wa Agosti. Wanataka uwe umeishi miezi mitatu katika jimbo unaloombea, kwa hiyo ama upeleke maombi sasa ungali Texas na kubadilisha anwani baadaye, ama usubiri miezi mitatu ukiwa Iowa.

Baba Neema: Hilo sikulijua kabisa. Nitapeleka maombi kabla ya Julai. Leseni na gari je?

Baba Furaha: Vyote viwili ndani ya siku 30. Gari huandikishwa kwa mweka hazina wa kaunti. Hayo ni yangu, nitakupeleka mwenyewe.

Jumapili mchana

Bibi (ameandikiwa na mjukuu): Wanangu, nawasalimu kutoka hapa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Jana usiku nilisomewa maneno yenu yote na nimefurahi kwamba mnasaidiana. Nimesikia habari za kadi, dawa na barabara, lakini sijasikia mtu akisema watoto wameambiwa nini. Mwaka 1996 tulipotoka upande wa Baraka, kule Kongo, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wewe Baba Neema ulikuwa na miaka mitano. Hatukukuambia kitu, kwa sababu hatukuwa na nafasi na sisi wenyewe hatukujua. Kwa miezi mingi uliniuliza kila jioni kama tutarudi kesho kumfungua mbuzi, kwa maana ulimwacha amefungwa kwenye mwembe. Mimi nilikuwa nakujibu kwamba tutarudi. Ninyi hamkimbii vita na nafasi mnayo. Waambieni sasa.

Baba Neema: Shikamoo, Mama. Yule mbuzi namkumbuka mpaka leo, hata kamba yake naikumbuka. Sikujua kwamba nawe unamkumbuka.

Mama Neema: Shikamoo, Mama. Maneno yako yamenigusa sana, kwa sababu wiki iliyopita Neema alinikuta nikikunja mapazia akaniuliza kama rafiki yake wa nyumba ya pili atapanda nasi kwenye lori. Nilimwambia aende kucheza. Leo baada ya ibada tumekaa nao sebuleni, tukafungua ramani, na Elia akaweka kidole Fort Worth akakipandisha hadi Des Moines. Tumewaambia kwamba baba atatangulia, kwamba atarudi kuwachukua, na kwamba rafiki yake Neema atabaki ila watazungumza kwa simu. Amelia kidogo. Kisha akauliza kama inhela yake itakaa kwenye lori au kwenye gari.

Mama Furaha: Kwenye gari, mwambie Shangazi amesema iwe kwenye gari, mahali anapoweza kuiona.

Baba Neema: Dada, nimekubali. Nitatangulia tarehe 3 na nitarudi Alhamisi ya mwisho ya Julai, kisha tuondoke Ijumaa asubuhi. Nitamwomba msimamizi ruhusa hiyo kabla sijatia saini barua ya kazi. Mdogo wangu, tafadhali kodi lori kwa tarehe hiyo mapema, kwa sababu mwisho wa mwezi huwa ghali.

Baba Mdogo: Nitalishughulikia kesho, Kaka.

Mama Furaha: Nami nimeshamuuliza jirani yetu mmoja kuhusu nyumba ya vyumba viwili karibu na shule ya msingi, mwendo wa dakika saba kwa miguu. Kabla hujalipa dipoziti tutaenda pamoja kuona jiko la kupasha nyumba joto, na kuangalia kama madirisha yanapitisha hewa, kwa sababu Januari ya huku si ya Texas. Na wifi, makoti mazito msinunue huko. Hapa tutayapata ya watoto yaliyotumika kidogo, tena safi. Lakini ujue kwamba mtoto havai koti nene akiwa kwenye kiti cha gari, kwa kuwa mkanda hukaa juu ya koti na si juu ya mtoto. Unamfunga kwanza, halafu unamfunika kwa koti lake.

Mama Neema: Ahsante sana, Wifi. Kesho saa mbili asubuhi kliniki ikifungua nitapiga simu kuomba dawa ya Neema, majibu ya Elia na nakala tatu za chanjo.

Bibi (ameandikiwa na mjukuu): Mwambie pia mwalimu wake Neema amwandikie barua ya kwenda nayo. Na mkifika, nitumieni picha ya mlango wa nyumba.