Namba ya simu ili ujue bei ya kuku: ni sawa?

Dada wa Njiro: Jana niliingia mgahawa mmoja karibu na Mnara wa Saa. Naomba menyu, naonyeshwa kimraba cha kuskani mezani. Naskani. Kwanza "kubali vidakuzi", yaani vile vifaili tovuti inavyoweka kwenye simu yako ikukumbuke, na pa kukataa hapaonekani. Halafu jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa. Nusu kuku bei gani bado sijui! Leo nimeamka na meseji tatu za ofa. Hii ni haki?

Mangi Kiborloni: Dada, laini umesajili kwa alama za vidole, leo mgahawa ndio ukukoseshe usingizi? Huku Moshi menyu iko ukutani, imeandikwa kwa chaki. Arusha mnapenda makuu.

Dada wa Njiro: Nikivua koti mlangoni ndiyo nivue na gauni? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa zichukuliwe kwa kusudi linalojulikana. Siku niliyozaliwa inamhusu nini kuku?

Chalii wa Sakina: Eti makuu. Mangi, sisi ni jiji. Nyie manispaa endeleeni na chaki.

Mangi Kiborloni: Jiji la vumbi na foleni! Usafi njooni mjifunze Moshi.

Chalii wa Sakina: Usafi hauna ajira. Nusu yenu mko huku mnauza spea.

Fundi Simu: Jamani, vidakuzi. Si ndivyo walivyoleta Wazungu wa Ulaya 2018? Mimi huwa najaza jina la uongo na namba yangu ya zamani, kwisha.

Dada wa Njiro: Namba ya zamani ina mwenyewe sasa, Fundi. Ofa zako anazisoma yeye.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, vidakuzi ni vya 1994, vya Lou Montulli pale Netscape, kampuni ya kivinjari. 2018 ni GDPR, sheria ya Ulaya iliyokaza masharti ya ridhaa. Na hicho kimraba ni cha kampuni ya Denso Wave, Japani, 1994 hiyohiyo. Kilitengenezwa kufuatilia vipuri vya magari.

Chalii wa Sakina: Shikamoo mwalimu. Kumbe kuku wa dada ni spea, Mangi atamuuzia.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Utani wako mwingi kuliko hoja.

Mama Lishe Kilombero: Mnatulaumu tu. Nikichapisha menyu leo, wiki ijayo mafuta yamepanda, nakata bei kwa kalamu, mteja ananiita tapeli. Hicho kimraba nakielewa. Ila namba ya mtu ya nini? Wateja wangu nawajua kwa sauti.

Mangi Kiborloni: Mama, mtori upo?

Mama Lishe Kilombero: Kila asubuhi.

Mangi Kiborloni: Mtori wa Arusha lakini. Si uji huo?

Chalii wa Sakina: Manispaa imeamka.

Dada wa Njiro: Meseji ya nne hii hapa: "Mpendwa mteja, tumekukumbuka."