Ulinganisho: kuingiza kuku wageni kwenye kundi dogo la nyumbani. Wavu, usiku, au kamba mguuni?

Tetea_Kihonda (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe njia za kuingiza kuku wapya kwenye kundi dogo. Wenyeji ni mitetea wanne wa aina ya Sasso, umri mwaka mmoja. Banda ni mita 2 kwa 1.5, uwanja wenye uzio ni mita 4 kwa 5. Wanaoingia ni matemba (majike machanga ambayo hayajaanza kutaga) watatu wa kienyeji kutoka gulioni, wiki 18 hivi. Hawajafika bado. Njia zinazotajwa mtaani ni nne: kuwatia bandani usiku wenzao wakishalala, kuwatenga kwa wavu waonane kwanza, kumfunga kila mgeni kamba mguuni, au kuwaachia uwanjani mchana wamalizane wenyewe. Ipi inafaa kwa ukubwa huu, na ipi inaharibu nini?

Mzee_wa_Chanjo

Mkuu, kuna hatua ambayo haimo kwenye nne zako, na bila hiyo zote nne ni kazi bure: karantini, yaani kuwatenga wageni kabisa kwanza. Kuku wa gulioni amebanwa tenga moja na kuku wa vijiji vingi. Mdondo (kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku) hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo ukimtazama mgeni siku tatu ukasema mzima, bado hujui kitu. Mpe wiki tatu, nne ikiwezekana, umbali wa mita 10 au zaidi, mahali ambapo upepo hautoki kwake kwenda kwa wenyeji. Lisha wenyeji kwanza, wageni baadaye, usigeuze mpangilio huo hata siku moja. Vyombo viwe mbali mbali, na ndala za kuingilia kwa wageni zibaki huko huko.

Kwa kuwa hawajafika, una nafasi nzuri. Chanja wenyeji leo kwa I-2, chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kwa kila kuku. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, nao wageni watakuwa bado njiani. Wageni wachanje wakishatulia siku mbili tatu, kisha kundi zima lirudiwe kila miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba ya mwezi ujao, basi waite majirani siku hiyo hiyo. Kuku wa jirani aliyechanjwa ni kinga kwa wako pia. Ila chanjo haimwokoi kuku ambaye tayari ana virusi mwilini; ndiyo maana haichukui nafasi ya karantini.

FundiBanda

Nakubaliana na mzee. Baada ya karantini, kwa banda la mita za mraba 3 mimi nachagua wavu bila kusita.

Gawa theluthi moja ya banda, yaani kama mita moja ya mraba, iwe ya wageni. Chini, hadi sentimita 40 kutoka sakafuni, tumia wavu wa matundu madogo ambayo kichwa hakipiti. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa: temba hupenyeza kichwa akifuata punje, mwenyeji akaudonoa upanga wake (ile nyama nyekundu ya kichwani), asubuhi unamkuta na damu. Juu ya hapo wavu wa kawaida unatosha. Usiweke ubao wala kiroba kwenye kizuizi, kwa sababu kuonana ndiko kunakofanya kazi.

Vyombo vya chakula viwekwe pande zote mbili za wavu, vikikaribiana, ili wale kama wanaokula sahani moja. Siku 7 ndiyo kiasi cha chini, 14 ni bora. Alama ya kuwa wako tayari ni wenyeji kupita karibu na wavu bila kusimamisha manyoya ya shingo na bila kuukimbilia.

Fito za kulalia: sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku, kwa hiyo saba wanahitaji karibu mita 1.75. Zote ziwe kimo kimoja. Fito moja ikiwa juu kuliko nyingine, itagombewa kila jioni.

Kuku_Asilia

Ndugu FundiBanda, wavu ni mzuri lakini si kila mtu ana nafasi au pesa ya wavu. Kuwaingiza usiku kunafaa kabisa pale wageni na wenyeji wanapolingana umbo, na kuku wakifunguliwa mapema kwenye uwanja mpana. Kuku haoni vizuri gizani na hapigani gizani. Unamweka juu ya fito saa 2 usiku, bila tochi kali, katikati ya wenzake wala si pembeni.

Hitilafu hutokea alfajiri. Kwetu kunapambazuka saa 12, na mwenye banda akilala hadi saa 2, wameshapigana saa mbili nzima ndani ya chumba kisicho na pa kukimbilia. Anayechagua njia hii awe mlangoni kabla ya saa 12, siku tatu mfululizo.

BiMkubwa_Tanga

Wanangu, waliosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni walisema walichokiona. Kamba ina kazi yake: kuku wa kuachiwa nje asipofungwa siku za mwanzo atapotea, hajui anakolala. Lakini kazi hiyo ni ya kumzoeza nyumba, haimzoezi wenzake. Kuku aliyefungwa hawezi kukimbia, na kukimbia ndiyo njia yake ya kusema nimeshindwa. Wenyeji wanamdonoa hapo hapo alipo. Nguchiro au mwewe akija, ndiyo basi.

Kama lazima umfunge, tumia kitambaa kipana cha pamba, usitumie nailoni, kwa sababu nailoni hukata ngozi na mguu ukavimba. Kagua asubuhi na jioni. Bora zaidi ni tenga. Mfunike kwa tenga lenye nafasi za kuonekana, kivulini, maji ndani, katikati ya uwanja ambapo wenyeji wanachakura. Hapo umepata wavu wa FundiBanda bila kununua wavu. Tenga moja kubwa linatosha mmoja au wawili kwa saa chache za mchana. Usiku warudi walikokuwa. Jua la saa 6 ndani ya tenga linaua, kwa hiyo usiliache likafuatwa na jua.

Kwa uwanja wenye uzio kama wa mwenye mada, kamba sioni haja yake. Punguza manyoya marefu ya bawa moja tu, hatoruka uzio.

Mzee_wa_Chanjo

Shikamoo BiMkubwa. La tenga nalikubali, ila tenga alilokuja nalo kutoka gulioni lisiingie uani kwako. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za fito mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Tenga la wachuuzi ni kiota chake. Lichome moto.

Wakati wa karantini kagua chini ya mabawa na kuzunguka mkundu kama kuna chawa, na miguuni kama magamba yameinuka. Magamba yaliyoinuka ni utitiri wa miguu: osha, paka mafuta mazito ya mgando kila baada ya siku tatu nne hadi magamba yalale. Dawa ya unga ya chawa na utitiri irudiwe baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Dawa ya minyoo pia. Piperazini inaondoa minyoo mikubwa ya utumbo tu. Levamisole inagusa aina nyingi zaidi. Soma kwenye kibandiko ni siku ngapi mayai yasiliwe.

Kuna jambo linalosahaulika. Kuku aliyewahi kuugua mafua akapona anaweza kubeba vimelea bila kuonyesha chochote wiki zote nne. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya karantini mchukue mwenyeji mmoja, yule usiyemtegemea sana kwa mayai, umweke na wageni. Akikohoa au macho yakavimba, umehatarisha mmoja badala ya wanne. Kuku huyo akiugua anabaki huko, harudi.

Shamba_Thika

Hiyo ya kuku wa kupima nimeipenda, na ina faida nyingine: huyo mwenyeji anarudi akiwa tayari anajuana na wageni, kwa hiyo kundi halina tena "sisi wanne dhidi ya wale watatu".

Niongeze juu ya siku ya kufungua. Wakutanishe uwanjani bila kizuizi jioni kama saa 10, ili wawe na saa mbili za mwanga kisha giza liwatulize. Vyombo vya chakula viwe vitatu na vya maji viwili, kila kimoja mbali na kingine, pasiwepo kuku mmoja anayeweza kuvilinda vyote. Ning'iniza fungu la mchicha au sukuma wiki kimo cha sentimita 30 hadi 40. Kuku anayeruka kudonoa majani hana muda wa kudonoa mwenzake. Egemeza mbao mbili tatu ukutani, zikiwa wazi pande zote mbili. Maficho yenye mlango mmoja ni mtego.

Kupaka kuku wote siki ili wanuke sawa ni kujisumbua. Kuku hutambuana kwa macho, hasa sura ya kichwa na upanga.

Tetea_Kihonda

Asanteni sana. Nimeelewa: chanjo, karantini wiki nne, wavu wiki mbili. Wakipigana baada ya kufunguliwa, nivumilie kiasi gani? Na chakula, wenyeji wanakula cha kutagia.

FundiBanda

Kufukuzana na kudonoana kichwani siku mbili tatu ni kawaida, ndivyo wanavyopanga nani aanze kula. Ingilia kati ukiona damu, au mgeni amejibanza pembeni hatoki, au wawili watatu wanamvamia mmoja. Jioni papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: likiwa limejaa, anakula hata kama unamwona mnyonge. Likiwa tupu jioni mbili mfululizo, mlishe kando.

Penye kidonda paka GV, ile dawa ya zambarau, kwa sababu wekundu wa damu huwaita wengine. Kisha mtoe mchokozi, umwache aliyeonewa. Mchokozi mweke asikoonekana siku tatu nne. Akirudi, yeye ndiye mgeni, na nafasi yake ya juu mara nyingi imeshachukuliwa.

Shamba_Thika

Chakula: temba ambaye hajaanza kutaga asile cha kutagia kwa muda mrefu, chokaa yake ni nyingi mno kwa figo zake. Wape wote cha kuku wanaokua, na maganda ya chaza yaliyosagwa weka kwenye chombo chake. Anayetaga atayala mwenyewe. Wenyeji wakipunguza mayai wiki moja mbili, usibadilishe chakula tena. Ni mshtuko wa wageni.

Tetea_Kihonda

La mwisho: mgeni akifukuzwa kwenye fito akaenda kulala kiotani?

BiMkubwa_Tanga

Ziba viota kwa ubao saa 11 jioni kila siku, wenyeji wakishamaliza kutaga. Kukiwa giza kamili, mchukue mgeni kwa mikono miwili umweke juu ya fito karibu na yule aliyekaa naye karantini. Uondoe ubao alfajiri. Fanya hivyo jioni nne tano mfululizo; ukiruka moja, unaanza upya, na mayai yako yatapakwa kinyesi.