MREJESHO: Mbadala wa karata za Pokémon zenye alama F

Wakuu, niliuliza hapa: karata zenye alama F (herufi ndogo iliyochapwa chini ya karata) zimetoka Standard, yaani mfumo wa mashindano unaoruhusu karata za karibuni tu, tangu 11 Aprili 2025. Niweke nini badala ya Radiant Greninja na Lumineon V, karata mbili za kunisaidia kupata karata zaidi, kwenye seti yangu ya kuchezea inayomtegemea Charizard ex?

Aliyenishauri Fezandipiti ex, asante sana. Greninja alinipa karata mbili kila zamu kwa kutupa nishati moja tu. Fezandipiti anatoa tatu, ila mpaka mpinzani awe ameniangushia Pokémon zamu iliyopita. Ukiwa unaongoza, amekaa benchi (nyuma ya Pokémon anayepigana) kama mgeni asiyeaga. Tena akianguka mpinzani anachukua tuzo mbili, na anayemaliza tuzo zake kwanza ndiye mshindi. Greninja ilikuwa moja. Juzi Ngamiani, Tanga, dogo mmoja kamvuta mbele kwa Boss's Orders, karata ya kumtoa Pokémon wa mpinzani benchi, mechi ikaishia hapo, kijiwe kizima kikanicheka!

Lumineon sikumtafutia mbadala. Pidgeot ex niliyekuwa naye anachota karata yoyote kila zamu, ilitosha.

Halafu msigawe karata za zamani haraka. Rare Candy, karata ya kumkuza Pokémon kwa kuruka hatua, imechapishwa upya, kwa hiyo hata toleo la nyuma linaruhusiwa. Mimi zangu nne nilishampa mpwa wangu. Sasa ananiuzia.