Tupeane uzoefu: miezi ya kwanza na gari ulilonunua likiwa limeshatumika

Mgeni wa Noah (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu. Mwezi wa tatu nilitoa bandarini Noah ya mwaka 2008, imetoka Japani ikiwa na kilomita 112,000. Ni gari langu la kwanza kumiliki. La kazini nimeliendesha miaka mingi, lakini lile lina fundi wake na dereva aliyelizoea. Ukisikia mlio unamuuliza, anakwambia ulianza lini. Hili limekuja kimya. Aliyelitunza miaka yote hiyo yuko ng'ambo na sitakutana naye.

Nililinunua kwa ajili ya safari za nyumbani Njombe. Viti vinalazwa vyote mkapata kitanda, watoto wanalala njiani bila kutafuta gesti. Ndiyo maana nataka kulijua vizuri kabla sijaipakia familia.

Aliyenisaidia kuagiza aliniambia limeshafanyiwa sevisi, niweke mafuta niondoke. Nikaamini. Siku ya pili naosha ndani, nikaona kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maandishi ya Kijapani na tarakimu 4, 9, 14, kisha 108,300. Nilidhani ni namba ya yadi. Nikakipiga picha, simu ikatafsiri: kubadilisha oili. Ile 4 ilikuwa mwaka. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya sasa, Reiwa, ilianza 2019, kwa hiyo unachukua namba unajumlisha 2018. Ile ya kabla yake, Heisei, unajumlisha 1988. Maana yake oili ya gari langu ilibadilishwa Septemba 2022, na tangu hapo hapakuwa na kibandiko kingine. Nilipoimwaga ilikuwa nyeusi na nzito. Nikabadilisha na filta, nikanunua daftari la kurasa mia moja, nikaandika ukurasa wa kwanza tarehe, kilomita, aina ya oili na bei.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalisoma gari kama barua. Sasa naomba visa vyenu nyie mliotangulia. Ulinunua gari lililotumika, uligundua nini miezi ya mwanzo, na kipi kilikugharimu kwa kutokujua? Nataka yaliyokukuta mwenyewe.

Mama Pacha (Mbeya)

Karibu kwenye chama, kaka. Langu lilinifundisha kwenye mlima wa Kitonga, kule Iringa.

Nilikuwa natoka Dar na Ipsum niliyokaa nayo wiki sita. Morogoro niliona kimiminika cha rejeta kimepungua, kijana wa pale akajaza maji ya bomba, nikashukuru nikaendelea. Tulipoanza kupanda Kitonga, nyuma ya lori lililojaa mzigo, mshale wa joto ukatoka katikati ukaenda kwenye herufi H. Nilizima AC, nikawasha hita ya ndani iwe kali kabisa na kufungua madirisha, maana hita inachota joto kutoka kwenye injini. Mshale ukarudi kidogo. Nikapata pa kuegesha, nikazima, nikakaa saa nzima. Abiria mmoja akataka kufungua mfuniko wa rejeta, nikamshika mkono. Yale maji yanaruka usoni yakiwa yanachemka, nimeona mtu alivyoungua.

Kesho yake fundi mzee wa Iringa alinionyesha mfuniko wenyewe. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kumbe kazi ya mfuniko ule ni kubana mgandamizo ndani, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Mpira ukichoka yanachemka mapema na kutoka kupitia chupa ya akiba. Ndiyo maana yalikuwa yanapungua Morogoro! Hakukuwa na mahali panapovuja. Na alipomwaga yaliyokuwemo yalikuwa rangi ya chai ya rangi, kutu tupu.

Mfuniko mpya ulikuwa bei ndogo kuliko chakula tulichokula Kitonga. Ukinunua, angalia namba ya mgandamizo iliyoandikwa juu yake, kuna ya 0.9 na ya 1.1, chukua inayolingana na yako. Na weka kulanti ya kweli, kile kimiminika cha kupozea injini, iwe ya pinki au nyekundu kama kitabu cha gari kinavyosema. Maji ya bomba ni ya dharura, ukifika salama unayamwaga.

Kanda ya Ziwa

Mimi ni tairi. Zilikuwa na meno marefu, nikasema nimebahatika. Baada ya Shinyanga la nyuma kushoto likapasuka nikiwa na mke wangu na mama mkwe. Mungu alitusaidia, mwendo ulikuwa mdogo. Mzee wa pancha akanionyesha ubavuni tarakimu nne: 3109. Wiki ya 31 ya mwaka 2009. Gari lilikuwa linatembea kidogo huko lilikotoka, meno hayakuisha, lakini mpira ulizeeka. Nyufa ndogo zilikuwepo kote kati ya meno, mimi sikuinama kuangalia. Inama uangalie, mkuu. Leo hii.

Dereva wa Dodoma

Mgeni wa Noah, hiyo ya 2008 giaboksi yake ni CVT. Nisikilize hapa kwa makini kwa sababu mimi nililia.

Gari langu lilikuwa zima kabisa. Nikasema nilitunze, nikalipeleka gereji moja hapa mjini wabadilishe mafuta ya gia. Kijana akaweka ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Wala hakuwa na nia mbaya, ndiyo aliyokuwa anaijua. Ndani ya CVT hakuna gia zinazopokezana. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa ili mkanda ushike usiteleze. ATF inautelezesha. Wiki ya kwanza nikasikia gari linavuma bila kusogea nikikanyaga. Wiki ya tatu likagoma kupanda kilima kidogo tu. Walipofungua, mkanda umekwaruza puli zote mbili.

Nilinunua giaboksi iliyotumika Ilala, Shaurimoyo, na fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto. Miezi minne nilikuwa nalipa shule kwa vipande.

Kwa hiyo nenda na kopo lako. Soma kitabu au kibandiko, nunua mafuta yaliyoandikwa kwa ajili ya CVT, simama pale fundi anapomimina. Usione aibu kusimama. Fundi mzuri hakasiriki.

Nyali (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu wa bara. Huku kwetu Kenya gari haliingii likiwa limepita umri wa miaka 8, kwa hiyo mengi yanakuja yakiwa yang'aa na watu hutazama rangi tu. Langu liling'aa pia. Nilipolipandisha juu kwa fundi, chini kulikuwa na kutu ya kahawia kwenye fremu na mabomba ya breki. Lilitoka upande wa kaskazini mwa Japani kwenye theluji, na huko barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Mimi nami nikalileta kuishi karibu na bahari.

Ile karatasi ya mnada, ya ukaguzi wa gari lilipouzwa Japani, nilikuwa nayo kwenye simu siku zote. Mchoro wa gari una herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati. Langu lilikuwa na S tatu. Niliziona, sikujua maana yake.

Nilikwangua, nikapaka dawa ya kutu, mabomba ya breki nikabadilisha yote. Sasa naosha chini kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki mbili. Ewe Mgeni wa Noah, itafute karatasi yako kwa aliyekuagizia, ni haki yako.

Binti Tanga (Leeds, Uingereza)

Nimesoma nikakumbuka yangu. Sisi tulinunua gari la kuishi ndani, vitanda vinne, jiko, choo, juu ya Fiat Ducato ya 2006. Mume wangu alitaka watoto waione nchi wanayokulia.

Injini haikutusumbua. Kilichotusumbua ni ile nyumba. Mvua ya huku haina kishindo, inapenya polepole kwenye maungio ya paa, na ukuta unaoza kwa ndani huku plastiki ya nje iko safi. Nyuma ya kabati ya nguo nilibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Sasa kila mwezi napitisha kipima unyevu pembe zote na kuandika namba.

Lakini nataka kusema la gesi. Desemba ya kwanza upepo ulikuwa unaingia kupitia matundu sakafuni karibu na jiko, nikayafunika kwa zulia ili watoto wasipate baridi. Nilifanya kwa mapenzi kabisa. Mkaguzi alipokuja akaliinua zulia, akanyamaza kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini, na yale matundu ndiyo njia yake ya kutokea. Nililala na wanangu juu ya matundu yaliyozibwa usiku kumi na moja. Nimezihesabu. Siku hiyo hiyo tukanunua pia king'ora cha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi.

Na uzito: mtu aliyepata leseni ya gari dogo hapa kuanzia Januari 1997 mwisho wake ni gari la kilo 3,500 pamoja na mzigo. Tulipolipima likiwa na maji, chakula na baiskeli, tulibakiwa na kilo 40 tu. Wewe kaka, ukijaza mahindi, viazi na watoto, lisikilize linavyokaa kwa nyuma.

Mgeni wa Noah (Dar es Salaam)

Asanteni sana. Dada wa Leeds, pole, na Mungu awalindie hao watoto.

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Tairi za mbele zinasoma 4419, za nyuma 4519, nyufa zimeanza kwenye moja ya nyuma. Mpira wa mfuniko wa rejeta uko laini, ila nitanunua mwingine kesho Gerezani kabla ya kuiwaza Kitonga. Mafuta ya gia sijagusa na sitagusa mpaka nipate kopo sahihi. Karatasi ya mnada nimeshaiomba, nasubiri jibu.

Halafu nikaishusha tairi ya spea. 0608, wiki ya sita ya 2008. Bado ina vile vinyweleo vya mpira mpya, haijawahi kugusa barabara, na ukiikunja kidogo inapasuka kama mkate mkavu. Ndiyo niliyokuwa naitegemea kutufikisha Njombe.