Naomba ushauri: video yangu niipeleke Berlin au nianzie nyumbani?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina video ya dakika 14. Haina hadithi wala mazungumzo. Ni maji kupwa na kujaa pale Bagamoyo, na sauti za mafundi wakigongomea misumari kwenye jahazi. Nawaza kuiombea nafasi Forum Expanded, kitengo cha tamasha la filamu la Berlin kilichoanza 2006. Kule hakuna mashindano, na kazi huoneshwa sinema au kwenye ukumbi wa sanaa, ambako video inaweza kujirudia kutwa nzima. Hilo nalipenda, maana video ya majaribio ukiishindanisha na filamu za hadithi unaionea tu.

Mke wangu anauliza, "Bila tuzo, unarudi na nini?" Ana hoja. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, lina tuzo ya Jahazi la Dhahabu, na watu wa kwetu wataiona video. Ila matamasha makubwa ya nje mara nyingi hutaka kazi ambayo haijaoneshwa kwingine.

Mliopita njia hii, nianze wapi? Na niipeleke ikiwa ya skrini moja, au niigawe skrini tatu kama nilivyoipiga? Ya kuitupia YouTube msinishauri jamani.